Draiva ishike lini, iachie lini: mwongozo wa waya wa EN kwenye mashine ya CNC

Shika kishikio cha mhimili wa X wa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) iliyozimwa: unauzungusha kwa vidole viwili. Washa mashine, tuma amri moja ya mwendo, kisha ujaribu tena wakati unatembea. Safari hii umekaza kama umepigiliwa misumari. Kati ya hali hizo mbili kuna waya mmoja mwembamba unaoiambia draiva, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, ishike au iachie. Kwenye draiva za stepa (mota inayotembea hatua kwa hatua) huandikwa EN au ENA, na kwenye servo (mota yenye enkoda, kifaa kinachosoma mahali shafti ilipo) huandikwa SRV-ON au S-ON. Mafundi wengi wanaojiundia mashine huunganisha kwa makini nyaya za hatua na za mwelekeo, halafu huu wanauacha uning'inie, au wanaubadilisha badilisha mpaka mota ianze kusogea, basi.

Mimi nilifanya hivyo kwa miezi. Siku moja nikawa nachonga maua kwenye ubao wa mlango wa mninga. Programu ikasimama kwa M0, amri ya kusimama kwa muda, ili nitoe vumbi la mbao. Nikiwa nimeinama natafuta brashi, mhimili wa Z uliobeba ruta nzito uliteremka wenyewe, taratibu, bila sauti. Kidhibiti kilikuwa kimeachia draiva mara tu mwendo uliposimama, na skrubu yangu ya mwendo wa milimita 8 kwa mzunguko haina ubavu wa kuzuia uzito ule peke yake. Skrini iliendelea kuonyesha Z ileile. Nilipobonyeza kuendelea, maua yaliyobaki yakazama karibu milimita 3 zaidi ya yale ya mwanzo, na ubao ule haukufaa tena kwa mlango.

Tangu siku hiyo nauona waya huu kwa jicho jingine. Namba ya mahali inayoonekana kwenye skrini ni dai la kidhibiti, nalo ni la kweli kwa muda ule tu ambao draiva imeshika. Ikiachia hata nusu sekunde, kidhibiti kisicho na enkoda hakina njia ya kujua kilichotokea. Hatua zilizo hapa chini zinalenga jambo hilo: mashine isiamini kwamba imeshika wakati imeachia.

Mfano wangu mkuu ni Arduino Uno yenye Grbl 1.1 (programu inayoifanya kuwa kidhibiti), CNC Shield V3 (ubao wa kuchomekea draiva) na draiva ndogo za A4988, kwa kuwa ndizo nyingi mikononi mwa mafundi. Baadaye nitagusa draiva kubwa za nje kama DM542, kisha servo. Andaa mita ya kupimia volti, bisibisi ndogo, na penseli.

Kwanza, elewa nini kinazimwa

Ndani ya draiva ya stepa kuna sehemu mbili. Ya kwanza inapokea mapigo ya STEP (hatua) na DIR (mwelekeo) na kupanga koili ipi ipewe umeme kiasi gani. Ya pili ni transista zinazopeleka umeme wenyewe kwenye koili. EN inagusa hiyo ya pili. Transista zote zinafungwa, koili zinakosa umeme, na shafti inabaki huru isipokuwa ule mkwaruzo mdogo wa sumaku unaousikia ukiizungusha kwa mkono.

Sehemu ya kwanza haifanani kwa draiva zote. A4988 huendelea kupokea mapigo na kusogeza hesabu yake hata EN ikiwa imezimwa. DRV8825, draiva nyingine ndogo, husimamisha hesabu pamoja na umeme. Kwa vyovyote vile kidhibiti hakipewi habari, kwa sababu EN ni waya wa kwenda tu, hauna waya wa kurudi na jibu. Ukituma mapigo 1,000 kwa draiva iliyoachia, kidhibiti kitaandika kwamba hatua 1,000 zimetembea.

Usichanganye EN na pini za jirani yake. SLEEP inalaza chipu nzima. Ukiiamsha A4988 lazima usubiri milisekunde 1 kabla ya pigo la kwanza, na DRV8825 milisekunde 1.7, na mota inaweza kuruka kidogo kwa kuwa mpangilio wa koili umerudi mwanzo. RESET nayo hurudisha mpangilio mwanzo. Kwa kazi ya kushika na kuachia, EN ndiyo pini sahihi. Kwenye vibao vya A4988, pini za SLEEP na RESET huunganishwa pamoja na kuachwa hivyo.

Hatua ya 1: Jua draiva yako inashika kwa ishara ipi

A4988, DRV8825 na TMC2209 zote hushika EN ikiwa chini, yaani karibu volti 0, na huachia EN ikiwa juu. Kwenye michoro utaona mstari juu ya jina la pini, au herufi n ndogo mbele yake. Mstari huo ndio unaosema kwamba volti 0 ndiyo "ndiyo".

Kibao cha A4988 kikiachwa bila waya kwenye EN, chenyewe hushika. Ndiyo maana watu wengi huendesha mashine bila kujua kwamba pini hii ipo. Kwenye CNC Shield V3 hata hivyo, EN za draiva zote nne zimeunganishwa pamoja kwenda pini D8 ya Arduino. Huwezi kuachia X ukabakiza Z. Zinashika pamoja na kuachia pamoja, na jambo hili litakuja kuwa na maana tukifika kwenye uzito wa Z.

Kama unajiundia ubao mwenyewe, weka resista ya kilo-omu 10 kutoka EN kwenda volti 5. Arduino inapojiwasha, pini zake huwa hazijaamua upande wowote kwa muda mfupi, na bila resista hiyo mota zinaweza kushtuka na kushika kabla programu haijaanza.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuunganisha mota

Hapa ndipo haraka huleta hasara. Usiwahi kuchomeka wala kuchomoa waya wa mota wakati draiva ina umeme. Koili inapokatiwa umeme ghafla hurusha volti kubwa, na A4988 hufa papo hapo, mara nyingi bila moshi wala harufu, ukabaki unatafuta kosa kwenye programu.

Kwa hiyo kwanza chomeka Arduino kwa waya wa USB peke yake, bila pawa saplai ya mota. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye GND, nyekundu kwenye D8. Mashine ikiwa imetulia, Grbl yenye mipangilio ya mwanzo itakuonyesha karibu volti 5, yaani imeachia. Sasa tuma:

G21
G91
G1 X20 F60

Hiyo ni milimita 20 kwa mwendo wa milimita 60 kwa dakika, kwa hiyo una sekunde 20 za kutazama mita bila wasiwasi. Volti inatakiwa kushuka hadi karibu 0 papo hapo, ibaki hapo sekunde zote 20, kisha irudi 5 mara mwendo ukiisha. Kama Grbl imekataa amri kwa sababu imejifunga inasubiri kutafuta nyumbani (kwenda kwenye swichi za mwisho ili ijue mahali ilipo), ifungue kwa $X kwa ajili ya jaribio hili tu.

Volti isiposhuka, usiguse draiva. Tatizo liko kati ya programu na pini. Ikishuka kwenye D8 lakini pini ya EN ya draiva yenyewe inabaki juu, kuna waya au soketi isiyogusa. Nimekuta soketi za aina hii zimejaa vumbi la mbao kiasi kwamba kibao cha draiva kilikaa kama kiko sawa lakini mguu mmoja ulikuwa hewani.

Ukiridhika, zima kila kitu, unganisha mota, kisha washa pawa saplai.

Hatua ya 3: Panga muda wa kushika kwenye Grbl

Andika $$ uone mipangilio. Mistari miwili inatuhusu.

$4 huamua upande wa ishara. Ikiwa 0, pini iko chini wakati wa kushika, na hiyo ndiyo inayofaa A4988. Ikiwa 1, ishara inageuzwa. Ukibadilisha, zima na uwashe Arduino ili mpangilio ushike kikamilifu.

$1 ndiyo iliyoniharibia mlango. Ni milisekunde ambazo Grbl husubiri baada ya mwendo kusimama kabla ya kuachia mota. Mwanzoni huwa 25. Ukiandika $1=255, haihesabiki tena kama milisekunde 255, bali inakuwa amri ya kushika muda wote.

Ushauri wangu kwa mashine yoyote yenye Z iliyobeba uzito ni 255, bila mjadala. Kwa mashine nyepesi ya kuchora kwa kalamu, 25 inatosha na mota zitapoa. Lakini kumbuka kwamba hata ukiweka 255, Grbl bado itaachia mota ikiingia kwenye alamu, au ukiipa amri ya kulala, $SLP.

Watu hulalamika kwamba wakiweka 255 mota zinachemka. Ni kweli zinapata joto, maana A4988 haipunguzi umeme mota ikiwa imesimama. Mota nyingi za stepa zina insulesheni ya daraja B inayohimili nyuzi 130, kwa hiyo mota isiyoshikika kwa kiganja si lazima iwe mbovu. Kinachoumia mapema ni kile kilichoishikilia: vishikizo vilivyochapwa kwa plastiki ya PLA huanza kulegea karibu nyuzi 60. Kama ndivyo ulivyonavyo, punguza umeme kwa kuzungusha ile skrubu ndogo ya draiva, au tengeneza kishikizo cha alumini. Kuachia mota ili vishikizo visiyeyuke ni kuhamisha tatizo mahali pabaya zaidi.

Kwa nini hatua zinapotea kwa mkupuo

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa mtu akielewa hesabu hii hatadharau tena mpangilio wa $1.

Mota ya kawaida ina hatua kamili 200 kwa mzunguko, nyuzi 1.8 kila moja. Mpangilio wa umeme kwenye koili hujirudia kila baada ya hatua 4. Maana yake, kwa mpangilio mmoja wa koili, shafti ina sehemu 50 za kukaa kwenye mzunguko, zote sawa machoni pa draiva.

Draiva ikiachia, kisha kitu kikasukuma mhimili, halafu draiva ikashika tena, shafti huvutwa kwenye sehemu iliyo karibu zaidi kati ya hizo 50. Kama ilisogea chini ya hatua 2, inarudi pale pale na hutajua kilichotokea. Ikizidi hatua 2, inadondokea sehemu ya pili, na sasa mashine imekosea hatua 4 kamili.

Tufanye hesabu kwa skrubu ya milimita 8 kwa mzunguko. Hatua moja ni 8 gawanya kwa 200, yaani milimita 0.04. Msukumo wa chini ya milimita 0.08 unasamehewa. Ukipita hapo, kosa linaruka hadi milimita 0.16. Kwa mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40, hatua moja ni 0.2, na kosa linaruka kwa milimita 0.8 kila mara. Ndiyo maana ukipima kazi iliyoharibika ukakuta imehama kwa 0.8, au 1.6, au 2.4, anza kushuku draiva iliyoachia kabla hujakaza mkanda.

Hapo tumechukulia draiva imebaki na umeme. Ikizimwa kabisa na kuwashwa, mpangilio wa koili unaanza upya, na hata ule msamaha wa hatua 2 hautegemeki.

Hatua ya 4: Draiva za nje zenye ENA+ na ENA−

DM542 na ndugu zake hufuata kanuni tofauti, na hapa ndipo nimeona mafundi wazuri wakihangaika siku nzima. Ndani ya pini hizo mbili kuna taa ndogo inayomulika kipokezi, ili umeme wa kidhibiti usigusane na wa draiva. Taa ikiwaka, draiva inaachia. Taa ikiwa imezimika, au nyaya hazipo kabisa, draiva inashika.

Sasa tazama njia mbili za kuunganisha na Grbl.

Njia ya kwanza: ENA− kwenye GND, ENA+ kwenye D8. D8 ikiwa juu taa inawaka na draiva inaachia, ikiwa chini inashika. Hii inakubaliana na $4=0, huna cha kubadilisha.

Njia ya pili: ENA+ kwenye volti 5, ENA− kwenye D8. Sasa D8 ikiwa chini ndipo taa inawaka. Kwa $4=0 utapata kituko: mashine ikitulia mota zimekaza, ukituma amri ya mwendo zinalegea, mapigo yanapita, hakuna kinachosogea, kisha zinakaza tena. Ukiona dalili hiyo, usibadilishe draiva. Weka $4=1.

Kuhusu volti, matoleo ya zamani ya draiva hizi yametengenezwa kwa ishara ya volti 5, na ukitumia 12 unaongeza resista ya kilo-omu 1, ukitumia 24 kilo-omu 2. Mapya mengi hukubali 5 hadi 24 moja kwa moja. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa draiva uliyoishika mkononi.

Kisha kuna muda. Baadhi ya miongozo ya draiva hizi hudai ENA itangulie DIR kwa mikrosekunde 5 tu, mingine hudai milisekunde 200. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, kwa sababu Grbl 1.1 ikishashusha pini ya EN huanza kutuma mapigo karibu papo hapo. Draiva inayotaka milisekunde 200 itapoteza mapigo ya kwanza ya kila mwendo unaoanza baada ya kutulia. Dawa ni $1=255, au kuacha ENA bila waya kabisa. Mimi kwenye mashine yangu kubwa nimeziacha ENA tupu, na joto nimelimaliza kwa swichi ya SW4 iliyo ubavuni: ikiwa OFF, draiva hupunguza umeme hadi karibu nusu mota ikisimama, bila kuachia.

Jambo moja ulikumbuke vizuri kabla hujaenda mbele: waya wa ENA ukikatika, draiva hizi zinashika. Haziachii. Kwa hiyo ENA haiwezi kuwa kifungo chako cha dharura.

Kama unatumia Marlin au LinuxCNC badala ya Grbl

Kwenye Marlin, M17 inashika na M84 au M18 inaachia, na unaweza kutaja mhimili, mfano M84 X Y, ukabakiza Z imeshika. Muda wa kuachia wenyewe mwanzoni ni sekunde 120 za kutulia. Unaubadilisha kwa M84 S ikifuatwa na idadi ya sekunde.

LinuxCNC inakupa pini ya kila mhimili kwenye faili ya HAL, faili inayopanga pini. Kwa draiva inayoshika ikiwa chini:

net washa-x joint.0.amp-enable-out => parport.0.pin-08-out
setp parport.0.pin-08-out-invert 1

Pini hiyo inawaka ukibonyeza F2 kuwasha mashine, na inazimika mara moja kukiwa na hitilafu. Kuna na ya kurudi, joint.0.amp-fault-in, inayopokea malalamiko ya draiva. Kama draiva yako ina waya wa alamu, uunganishe hapo. Ni waya mmoja tu na unaondoa ule upofu niliousema mwanzoni.

Hatua ya 5: Servo, ambako kuna ombi na jibu

Kwenye servo, SRV-ON ni ombi. Draiva hulitazama, na kama umeme mkuu haujafika au kuna alamu, hulikataa. Kwa hiyo utaratibu wa kidhibiti uwe hivi: washa umeme mkuu, hakikisha waya wa alamu uko salama, subiri ishara ya kuwa tayari, toa SRV-ON, subiri draiva ithibitishe, ndipo utume mwendo.

Katikati hapo kuna mtego. Mota ikiwa imeachia, mtu anaweza kuusogeza mhimili kwa mkono, na enkoda inaona. Kidhibiti kikishika huku kikikumbuka mahali pa zamani, mhimili utaruka kwenda huko kwa nguvu zote, au draiva itapiga alamu ya kuachwa nyuma. Kabla ya kushika, mahali panapoamriwa pawe sawa na mahali halisi panaposomwa na enkoda. LinuxCNC hufanya hivyo yenyewe.

Kwa servo za mtandao wa EtherCAT au CANopen zinazofuata CiA 402, kanuni ya pamoja ya amri za draiva, unafanya mwenyewe au kwa maktaba. Neno la amri liko 6040h, la hali liko 6041h. Unaandika 0x06, unasubiri hali isome tayari. Unaandika 0x07, unasubiri. Unanakili mahali halisi kutoka 6064h kwenda 607Ah, ndipo unaandika 0x0F. Hitilafu husafishwa kwa 0x80. Usizitume namba zote tatu mfululizo bila kusoma 6041h katikati. Inaweza kukubali mezani na kukataa kazini.

Mhimili wa wima wenye breki una mpangilio wake, na ukikosea mpangilio, mzigo unaanguka. Wakati wa kuwasha: mota ishike kwanza, kisha breki ifunguke. Wakati wa kuzima: breki ifunge kwanza, isubiriwe mpaka ing'ate, kisha mota iachie. Tumia waya wa breki unaotoka kwenye draiva yenyewe kupitia relei, usiiendeshe breki kutoka kwenye programu ya kompyuta, kwa sababu draiva ikipata alamu ndiyo inayojua kwanza. Na breki hiyo ni ya kushikilia kilichosimama. Ukiitumia kusimamisha mzigo unaotembea, itakwisha upesi.

Hatua ya 6: Kifungo cha dharura kisipitie EN

EN inatoka kwenye programu, na programu inaweza kuganda. Kifungo chekundu kikate nguvu kwa njia isiyotegemea programu. Kwa stepa, kikate umeme wa pawa saplai ya draiva kupitia kontakta. Kwa servo za kisasa tumia pini za STO (Safe Torque Off), ambazo zimeelezwa na kiwango cha IEC 61800-5-2: zinaondoa nguvu ya kuzungusha hata kama SRV-ON bado iko juu.

STO haiondoi volti ndani ya draiva. Kabla ya kugusa nyaya zima umeme mkuu na usubiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo, kwa kuwa kapasita hubaki zimejaa. Na mhimili wa wima usio na breki utaanguka STO ikikatwa, kwa hiyo usiweke mkono chini yake ukidhani uko salama.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Hili kwetu ni la kila wiki, na lina sura ambayo miongozo mingi haisemi. Laptopu ina betri. Arduino inakula umeme wa USB kutoka laptopu. Umeme wa ukuta ukikatika, mota zinakufa, ruta inanyamaza, lakini Grbl inaendelea kuhesabu kana kwamba kila kitu kinatembea. Itafika mwisho wa programu na kuandika kwamba kazi imekamilika. Umeme ukirudi katikati, mashine inaanza kutembea kutoka mahali isipopajua, ikikokota biti kwenye mbao, na ruta ikiwaka au isiwake.

Dawa yake ni relei moja. Chukua relei yenye koili ya volti 24, au volti yoyote ya pawa saplai yako ya mota, na uunganishe koili kwenye pawa saplai hiyo. Ncha ya COM ipeleke GND ya Arduino, ncha ya NC ipeleke pini A0, ambayo kwenye CNC Shield imeandikwa Abort. Umeme ukiwepo, relei imevuta na NC iko wazi. Umeme ukikatika, NC inafunga, A0 inashuka, na Grbl inajikata. Kama ilikuwa inatembea utaona ALARM:3, yaani mahali hapaaminiki tena. Hapo uendeshe $H, amri ya kutafuta nyumbani, kama una swichi za mwisho, au uweke sifuri upya kwa mkono. Kufungua kwa $X na kuendelea pale ulipoachia ni kurudia kosa la mlango wangu.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuamini

Peleka mashine sifuri. Chora mstari mmoja wa penseli unaovuka kapling ya skrubu ya Z na mwili wa mota. Endesha programu fupi hewani, bila mbao, yenye M0 katikati. Ikisimama, iache dakika 10 na ruta ikiwa imefungwa mahali pake, kisha endelea mpaka mwisho na urudi sifuri. Mistari ikikutana, $1 yako iko sawa. Ikiachana, rudi hatua ya 3.

Halafu jaribio la mwisho, bado hewani: mwendo ukiwa katikati, zima swichi ya ukutani ya pawa saplai, USB ibaki. Mota zikinyamaza na skrini ikaandika ALARM:3 ndani ya sekunde chache, funga boksi la umeme, kaza skrubu zake, na ulete mbao.